Wimbo Uliomkataa Mwalimu

Mara ya kwanza kumwona Mwalimu, alikuwa anamfuta damu kijana ambaye yeye mwenyewe, muda mfupi kabla, alikuwa amempiga ngumi ya mdomo.

Ilikuwa kwenye sherehe ya mahafali ya binti wa Wakenya fulani, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kukodi kule Rockville. Nilikuwa mgeni Marekani, baridi ya kwanza ilikuwa bado haijanitoka mwilini, na nilikwenda kwa sababu niliambiwa kutakuwa na ugali. Jukwaani alisimama mwanamume mfupi, mpana wa mabega, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kiunoni mkanda wenye bizimu kubwa kama kisosi. Alikuwa anaimba wimbo wa kantri wa Kimarekani, wa mkulima aliyemzika mkewe asubuhi na jioni akarudi shambani kwa sababu mahindi hayasubiri.

Kijana mmoja, mhasibu, aliyekaa karibu na spika, akaanza kumwigiza. Alikwamisha sauti kama mtu mwenye kwikwi, wenzake wakacheka. Mwalimu hakuukata wimbo. Aliumaliza, akalivua gitaa, akalilaza kwenye kasha lake, akafunga vifungo vyote, akashuka jukwaani bila haraka. Sikusikia mlio. Niliona tu kijana yuko sakafuni na kiti chake bado kimesimama.

Kisha Mwalimu mwenyewe akaenda jikoni, akarudi na barafu kwenye kitambaa, akachuchumaa.

"Pole," alimwambia, anamfuta kidevu kama mama anavyomfuta mtoto. "Lakini hiyo wimbo kuna mtu iliumiza ndio ikatoka. Huwezi kuicheka bure, bana."

Hakuna aliyeita polisi. Wakenya walitikisa vichwa tu na kusema, "Mwalimu ameanza."

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha kwaya ya kanisa letu la Waswahili pale Laurel. Riziki yake aliipata kwa kuendesha gari la kuwachukua wazee majumbani na kuwapeleka kwenye kituo wanakoshinda mchana. Nilijiunga na kwaya kwa sababu nilikuwa mpweke, na baadaye akanichukua kwenye bendi yake ya kantri, nisimame pembeni ya mkewe na kuitikia. Mimi ni wa Iringa. Nilimwambia waziwazi kwamba kwetu kantri ni muziki wa Wazungu wenye farasi.

"Hao Wazungu ni watu wa kwetu Nyahururu tu, Dada Iringa," alinijibu. "Wamevalishwa kofia tofauti. Ng'ombe ni zilezile, baridi ni ileile, kanisa ni lilelile. Hata ulevi."

Katika kufundisha sijaona mtu mvumilivu kama yeye. Kulikuwa na mama mmoja wa sauti ya kwanza ambaye hakuwahi kuingia kwa wakati wake. Mwalimu angerudia mstari naye mpaka sisi wengine tukasinzia, wala hakumpandishia sauti. Siku za mazoezi alikuja na mandazi aliyoyakaanga mwenyewe, yamefungwa kwa taulo yasipoe. Mtu akilazwa hospitali, wa kwanza kufika alikuwa Mwalimu, na gitaa. Mpiga besi wetu, Mkongo tuliyemwita Papa Dido, alipofika Maryland bila ndugu wala kazi, alilala sebuleni kwa Mwalimu majira mazima ya baridi na hakuulizwa hata siku moja ataondoka lini. Dido huyohuyo baadaye alipoteza jino kwa ngumi ya Mwalimu. Nitafika huko.

Mwalimu alikuwa na swali moja maishani. Aliligeuza kila upande, garini, kanisani, mezani. Kwa nini wimbo unamkataa huyu na kumkubali yule? Alikusanya nyimbo zilizorekodiwa na watu tofauti: maneno yaleyale, sauti zilezile, hata kasi ileile. Wa kwanza anaimba vizuri, wimbo unakufa. Miaka inapita, anakuja mwingine mwenye sauti kama changarawe, anaimba vilevile, na nchi nzima inasimama. Alikuwa akiwapigia wazee wake rekodi hizo njiani, wa kwanza kisha wa pili, na kuwaomba wanyooshe mikono kupiga kura.

Bibi mmoja wa Kizungu, aliyekaa siku zote nyuma ya kiti cha dereva, ndiye aliyempa jibu alilolipenda zaidi. Alimwambia kwamba yule wa pili alikuwa amemzika mtoto. Mwalimu akamuuliza alijuaje. Bibi akasema hajui lolote juu ya maisha ya yule mwimbaji, anasikia tu.

"Umeona?" Mwalimu aliniambia. "Hawa watu si wasikilizaji, hawa ni mahakimu. Ukisimama mbele yao na wimbo, wanakuuliza kitu moja: wewe ulikuwepo? Kama hukuwepo, wanakufukuza na makofi kidogo ya adabu."

Kuhusu nyimbo za mauaji, ambazo kwenye kantri ni nyingi kuliko nilivyodhani, alikuwa na kanuni yake. "Wimbo ya kuua inafaa watu wawili pekee. Kuna yule ukimwangalia tu unajua anaweza kuua. Na kuna yule huwezi amini hata akikuapia. Hawa wa katikati wakae na nyimbo za magari."

Na ule mwaka minara ilipoangushwa New York, na ndege nyingine ikapigwa kwenye ukuta wa makao makuu ya jeshi hapa kwetu ng'ambo ya mto, redio ilianza kupiga usiku na mchana nyimbo za bendera zilizokuwa zimelala kwenye albamu za zamani. Mwalimu alisema wimbo haukubadilika hata herufi. "Masikio ndio imebadilika. Watu wameogopa. Mtu akiogopa anatafuta sauti ya mtu mkubwa asimame karibu yake."

Alijua sana habari za woga. Niliona hivyo asubuhi moja tukielekea Baltimore kuimba kwenye mazishi, kwaya nzima kwenye gari la wazee aliloazima kazini. Mbele yetu gari lilikuwa limemgonga paa mkubwa likaendelea na safari. Yule mnyama alikuwa ukingoni mwa barabara, miguu ya nyuma imevunjika, anajivuta kwa ile ya mbele kuelekea msituni. Alikuwa analia. Sikuwa najua kama paa hulia.

Mwalimu akasimamisha gari. Akavua koti la suti, akanipa nilishike. Akatoa chini ya kiti spana ndefu ya kufungulia magurudumu, akatembea kwenye nyasi. Alipiga goti, akaweka kiganja juu ya jicho la yule paa, akamnong'oneza kitu, kisha akapiga. Akapiga tena. Fuvu halikuwa jepesi kama nilivyodhani, ikabidi aendelee, na kila pigo akina mama wanaziba masikio. Alipomaliza akaifuta spana kwenye majani, akarudi, akavaa koti lake.

"Sauti ya kwanza," akasema, anaingiza gia, "tuanze beti ya pili."

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Lakini saa moja baadaye, kwenye mazishi ya mtu asiyemjua, alilia mpaka akashindwa kutuongoza.

Halafu ikaja ile vuli ambayo mtu alikuwa akijificha na kuwapiga watu risasi, mmoja hapa, mwingine kule, kwenye vituo vya mafuta na maegesho ya maduka. Mtu anaweka mafuta, anaanguka. Watu walikimbia kwa kupindapinda kutoka kwenye gari hadi mlangoni. Wengine walichuchumaa nyuma ya tairi huku pampu inaendelea. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba akichukua funguo za magari ya akina mama wa kwaya, anakwenda kujaza mafuta, anarudisha. Nilimwona mara moja pale kituoni. Hakuinama. Alisimama wima kando ya pampu, kifua kimeelekea barabarani kama anamwambia yule mtu, haya, njoo.

Nilimsifu kwa mkewe. Mama Shiru alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye sauti ya pili tamu ambayo mumewe aliipanga siku zote nyuma, isizidi yake. Alikuwa anakatakata sukumawiki. Hakuinua macho.

"Huko nje anasimama mbele ya risasi kwa ajili yenu," alisema. "Mimi nikisikia amefika kwa mlango, nasikiliza vile anavua viatu. Akivirusha, siku ni nzuri. Akivivua polepole, naambia Shiru aende chumbani afunge."

Nilimwambia kwamba ninakaa chini yao, ngazi moja tu, na simu yangu haizimwi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukata.

Basi huyo ndiye mtu aliyetaka wimbo umkubali.

Nje ya Upper Marlboro, njia ya kuelekea yaliyokuwa mashamba ya tumbaku, palikuwa na kilabu cha kantri kilichofanya mashindano ya waimbaji alasiri za Jumamosi. Tulikwenda bendi nzima. Mwalimu aliimba wimbo wake wa mauaji, wa mtu na kaka yake na kisima, na naapa hakukosea hata mahali pamoja. Gitaa lilikuwa safi, Kiingereza chake cha kantri safi kuliko cha wenyewe. Wakampigia yale makofi kidogo ya adabu. Baada yake akapanda fundi bomba mmoja mzee, amelewa, hana sauti, amesahau nusu ya maneno, akaimba wimbo wa kawaida kabisa wa mtu ambaye mkewe amehama. Watu wakasimama. Mwanamke wa baa akaweka chupa chini akajifuta macho.

Nje, kwenye changarawe ya maegesho, Mwalimu alitupanga mbele yake kama wanafunzi.

"Niambieni kwa nini," alisema. "Sitaki kubembelezwa. Kwa nini yule, na si mimi?"

Papa Dido, ambaye alimpenda kuliko sisi sote, akalaza kasha la besi chini.

"Mwalimu, nikuambie kweli? Mdomo yako iko naomba pole," akasema. "Mais, lakini macho yako iko napiga watu. Watu banaona."

Ngumi ilimkuta bado mdomo u wazi. Dido akaanguka kwa magoti, akatema, akaanza kupapasa changarawe kutafuta jino lake. Alipolipata akaliinua juu lionekane, damu inamchuruzika mpaka kwenye mkono wa shati.

"Njo jibu yako hii," akasema, yaani ndilo hilo jibu.

Mwalimu alimpeleka hospitali mwenyewe, akakaa naye mpaka walipomaliza kumshona. Njia nzima ya kurudi Laurel alikuwa analia, na Mama Shiru aliyekaa kiti cha mbele hakumtazama.

Baada ya siku ile aliachana na nyimbo za watu, akaanza kutunga wake. Aliufanyia kazi kwa miezi. Ulikuwa wa Kiswahili kitupu kwenye mwendo wa kantri, wa polepole, wa mume aliyesimama nje ya mlango wa nyumba yake akimwomba mke afungue. Kiitikio chake kilikuwa hiki:

*Fungua, mama, nimekuja polepole,*
*viatu nimevua, mikono iko wazi,*
*fungua, mama, hakuna atakayesikia,*
*ni mimi tu, ni mimi tu wa siku zote.*

Ulikuwa wimbo mzuri. Nasema hivyo hata leo. Aliurekodi kwenye studio ya mtu, chini ya nyumba, akatoa sidii na kuwagawia watu kanisani. Aliuimba kila sherehe. Na kila alipouimba watu walianza kupiga soga. Walikwenda kuongeza chakula, walitafuta makoti. Haukuwaudhi, uliwapita tu. Ulikuwa wimbo wa mume anayebembeleza, na waume wanaobembeleza walikwishawasikia wengi. Niliona Mwalimu akiwatazama wale watu wanaotafuna, akiwa jukwaani, na misuli ya shavu lake ikicheza.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Siku hiyo alikuwa ameuimba kanisani wakati wa sadaka, na mtu mmoja alipiga miayo kwenye kiti cha mbele. Nilikuwa jikoni kwangu nachambua mchele niliposikia kitu kizito kikianguka juu ya dari yangu, kisha meza ikiburutwa, kisha mlango, na viatu vinashuka ngazi mbio kuelekea maegeshoni. Nikashika simu nikaita polisi, nikawapa anwani, nikatoka.

Alikuwa amekwisharudi kutoka garini, akanitangulia kupanda. Nilipofika kwenye ujia wa juu, Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya mlango wake uliofungwa kwa ndani. Bado alikuwa na joho la kwaya. Soksi miguuni. Alikuwa anagonga kwa kifundo kimoja cha kidole, taratibu, na kila alipogonga kifundo kiliacha alama ndogo nyekundu kwenye rangi nyeupe.

"Fungua, Mama Shiru," alikuwa anasema, kwa sauti laini kabisa. "Nimekuja polepole. Viatu nimevua. Mikono iko wazi."

Mkono mmoja ulikuwa umeshika viatu. Mwingine, kando ya paja, ulikuwa umeshika spana ya magurudumu.

Mwaka mzima nilikuwa nimeyaitikia maneno hayo, sauti ya tatu, nikitabasamu kama alivyotuelekeza. Sasa nilijua yalikotoka. Hakuyatunga. Alikuwa akiyasema mlangoni pale, miaka yote, kwa sauti ileile.

Ndani nikamsikia Shiru, binti yao wa miaka ya sekondari, ambaye Kiswahili alikielewa lakini hakukijibu kamwe. "Don't open it, Mum," alikuwa anasema. "Don't open it. Don't open it."

"Mwalimu," nikaita.

Akageuka, akanitabasamia. "Dada Iringa, rudi chini. Hii ni mambo ya nyumbani."

"Polisi wako njiani, Mwalimu. Weka hicho kitu chini."

Tabasamu halikuondoka. Aliviweka viatu sakafuni, vikiwa sambamba, kisha akaugeukia mlango na kuupiga kwenye kitasa. Mbao ikapasuka. Nikamrukia, nikashika joho, likachanika mkononi mwangu. Alinisukuma kwa kiwiko bila hata kunitazama, nikaenda kinyumenyume kwenye ngazi, na mkono wangu ukavunjika mara mbili kabla sijafika chini. Nikiwa nimelala pale nilisikia mlango ukikubali. Nilisikia pigo moja. Halikuwa kama la yule paa. Hili lilikuwa kavu.

Polisi walipopanda walimkuta ameketi sakafuni, kichwa cha mkewe mapajani mwake, anamkandamiza taya kwa kitambaa cha joho, damu imelowesha msalaba wa dhahabu uliotariziwa kifuani. Shiru alikuwa juu ya mgongo wake amemng'ata sikio na hakuliachia hata polisi walipomvuta. Mwalimu alikuwa kama hamhisi. Alikuwa anamwimbia mkewe wimbo wa kumbembelezea mtoto.

Upper Marlboro, mahakamani, alikiri kosa. Hakutaka wakili amtetee sana. Hakimu alimfunga miaka, na amri ikatoka kwamba akitoka asimkaribie mkewe wala binti. Nilitoa ushahidi mkono ukiwa kwenye plasta. Mama Shiru hakuweza kusema, taya lilikuwa limefungwa nyaya. Alikaa tu akimtazama, na Mwalimu alitazama meza.

Ilichukua zaidi ya mwaka mpaka Mama Shiru akarudi kuimba. Papa Dido ndiye aliyeongoza bendi sasa, jino la bandia likiwaka mdomoni. Tulialikwa kwenye mkutano wa akina mama, Jumamosi mchana, ukumbi uleule wa Rockville. Tulikuwa tumepanga kuimba nyimbo za injili. Tukiwa jukwaani Mama Shiru akamwinamia Dido.

"Piga ile ya mlango," akasema.

"Hapana, mama. Ile ni yake."

"Ni ya mlango. Mimi ndiye nilikuwa nyuma yake. Piga."

Hakubadilisha neno. Hakusema *fungua, baba*. Aliimba maneno ya mumewe, kwa upole wa mumewe, kwa mwendo uleule. Kitu pekee kilichokuwa kipya ni kwamba katikati ya mstari, baada ya *mikono*, alinyamaza kidogo, akavuta pumzi kwa taabu, ndipo akasema *iko wazi*. 

Wanawake waliokuwa wanatafuna waliacha. Nakumbuka sinia la sambusa likiwa limesimama hewani, mikononi mwa msichana aliyesahau alikuwa anampelekea nani. Kiitikio cha pili kilipoanza, mama mmoja wa makamo, muuguzi ninayemjua, mtu wa vicheko, aliinuka kwenye meza yake, akatembea mpaka mlango mkubwa wa ukumbi, akausukuma kuhakikisha umefungwa, kisha akasimama pale ameuegemea kwa mgongo mpaka wimbo ulipokwisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuja mbele mmojammoja, wakamshika mikono.

Dido alimrekodi wiki hiyohiyo. Majira ya joto yalipofika wimbo ulikuwa kwenye kila gari la Mwafrika Mashariki kutoka Laurel mpaka Virginia. Redio za mtandaoni zikauchukua. Wanawake walipiga simu kutoka Minnesota na Texas, wengine hawasemi kitu, wanapumua tu kisha wanakata. Ukafika Nairobi, ukafika Arusha. Wapo waliouagiza upigwe harusini, wakidhani ni wimbo wa mapenzi, na wapo waume waliotoka nje ukianza. Watu waliniuliza siri yake nini, mbona ule wa Mwalimu ulikuwa haushiki, na huu ni uleule. Nilichojua ni kwamba Mwalimu alipouimba, sisi wasikilizaji tulisimama naye nje, kwenye ujia, na nje hakuna hatari yoyote. Mama Shiru alituingiza ndani.

Kwenye jalada la sidii alilazimisha jina kamili la mumewe liandikwe kama mtunzi. Nilikasirika. Nilimuuliza kwa nini anampa heshima hiyo.

"Si heshima," alisema. Alikuwa anakula uji. Siku hizo alikula uji tu. "Nataka kila mtu akisikia ajue nani alikuwa nje."

Miaka ikaenda. Mama Shiru na binti yake wakahama mji, na wapi sitasema. Nilipata cheti changu cha uuguzi, nikaanza kazi Rockville. Muongo ulikuwa unakaribia kwisha nilipokutana na Mwalimu mara ya mwisho, alasiri ya masika, kwenye maegesho ya duka kubwa la Rockville Pike. Alikuwa anakusanya vitoroli vya wateja, safu ndefu ya vyuma inayogongana, anaisukuma kwa kifua kama anayesukuma ng'ombe mkaidi. Amekonda. Amevaa miwani. Sikio moja limepindika.

Alinitambua kabla sijapata pa kwenda.

"Dada Iringa."

"Mwalimu. Shikamoo." Ilinitoka yenyewe, kwa mazoea ya kwetu.

"Mkono ulipona?"

"Ulipona."

Alisema haimbi tena, gitaa aliliuza. Alisema anasali kanisa la Kiingereza, kiti cha nyuma. Halafu macho yake yakachangamka, nikamwona yule mtu wa garini, wa kura za wazee.

"Nilisikia hiyo wimbo," akasema. "Nilikuwa kwa gari ya mtu, nimetoka tu jela. Sikujua ni yangu mpaka kiitikio. Unajua nilifanya nini? Nilifunga milango. Nilibonyeza kile kitufe cha kufunga milango yote, na mwenye gari akaniuliza, unaogopa nani?" Alitikisa kichwa. "Miaka yote nilikuwa nawauliza watu kwa nini. Kumbe jibu nililala nayo."

Nilikuwa na mifuko mkononi na gari langu lilikuwa hatua chache nyuma yake.

"Taya lake," akasema kwa sauti ya chini. "Lilipona?"

Katika miaka yote, mahakamani, kwenye barua ya toba aliyoipeleka kanisani, hakuwahi kulitaja taya. Nikaona nimwambie kweli.

"Hapana. Upande wa kushoto hautafuni. Na akiimba linamuuma, halifunguki lote."

Alisimama akifikiri, kidole kimoja kinagonga chuma cha kitoroli taratibu, na nikaona midomo yake ikipita juu ya maneno ya mstari, bila sauti, mpaka mahali fulani.

"Ndio maana," akasema. "Ndio maana anavuta pumzi pale katikati. Hiyo pumzi mimi sikuiandika. Na hiyo pumzi ndiyo inabeba wimbo yote."

Alisema kama anayefundisha. Alisema kwa mshangao, karibu kwa furaha, kama mtu aliyefumbua fumbo.

Mifuko ilianguka. Nilimpiga kofi la uso kwa nguvu zangu zote, miwani ikaruka ikaenda chini ya gari la mtu, na nilipompiga la pili nilikuwa napiga kelele kwa Kihehe, lugha ambayo sijawahi kuitumia Marekani. Mdomo wake ulipasuka. Mkono wake uliinuka, niliuona, ule mkono, ukafika usawa wa bega langu. Kisha akaushusha, akaushikilia kwa mwenzake.

Mwanamke wa Kizungu aliyekuwa anapakia mizigo akaja mbio. Aliniangalia mimi kwa hofu, akamsogelea Mwalimu, akamshika kiwiko, akamuuliza kwa upole kama yuko salama, kama angependa amwitie polisi.

Mwalimu hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi, damu inamteremka kidevuni, na alijibu kwa Kiswahili, ambacho yule mama hakukielewa.

"Mimi niko salama," alisema. "Mimi ndiye nimekuwa salama siku zote."